Modemu Iliyochukua Ijumaa Zangu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Baridi ya kukata masikio. Bwana Muigai, mkurugenzi wetu, amerudi kutoka semina ya siku tatu mjini akiwa na hofu mpya. Mwaka jana alirudi na hofu ya moto, tukaletewa ndoo za mchanga. Safari hii ni wezi wa simu. Ameambiwa kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kupiga namba yetu, modemu ikaitika, akaingia na kusoma siri zote za shirika.

Siri za shirika ni idadi ya vyoo na mabomba ya maji. Nani Nairobi hii ana haja ya kuiba idadi ya vyoo? Sikuuliza. Nilikunja uso tu, kama mtu ambaye jambo hilo limemnyima usingizi mwaka mzima.

Anataka modemu iwekewe neno la siri kabla ya Ijumaa. Akaangaza macho ofisini kutafuta mtaalamu. Ofisi yetu hapa mtaa wa Kianda ni mimi na yeye. Nikachaguliwa bila kupingwa! Barua yangu ya ajira inasema karani wa stoo. Tangu saa nne leo mimi ni Afisa wa Usalama wa Mitambo. Kibao cha mlangoni nimekiandika mwenyewe.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Naichukia hiyo modemu. Kabla haijaja, kila Ijumaa saa tano Adero wa ofisi yetu ya Kawangware alikuwa akinipigia simu na kunisomea takwimu za wiki, mimi naandika. Vyoo arobaini. Mabomba sita. Nusu saa nzima. Katikati alikuwa akiniuliza kama nimekula. Tangu Novemba mashine inaipigia mashine, zinafokeana dakika nne, takwimu zimefika. Adero hana sababu ya kunipigia. Sijasikia sauti yake miezi minane.

Sasa kuna neno la siri. Neno la siri lazima mtu aambiwe. Na wa kumwambia ni nani? Afisa!

Jumanne, 2 Julai

Nimesoma kitabu cha maelezo ya modemu, ambacho kilikuwa chini ya mguu wa meza yangu. Meza sasa inayumba. Elimu ina gharama.

Ulinzi wenyewe una milango miwili. Kwanza, Adero atapiga kwa kompyuta yake na kuandika neno la siri, herufi nane. Pili, modemu yetu ikilikubali, inakata simu na yenyewe inampigia kwenye namba iliyohifadhiwa ndani. Kwa hiyo hata mwizi akilijua neno, modemu itapiga Kawangware, si kwa mwizi. Nilishangaa. Hiki kidude kinajua kumrudishia mtu simu. Watu wangapi ninaowajua hawawezi!

Nimeingiza namba ya Kawangware. Neno la siri nimelifikiria mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaandika UMEKULA? na alama yake ya kuuliza. Ni herufi nane kamili. Adero ataelewa.

Jumatano, 3 Julai

Nilifanya mazoezi ya kusema "hujambo" mara sita, kwa sauti tofauti. Nikapiga Kawangware. Akapokea Oluoch!

Oluoch ni fundi wao wa mabomba. Mahali pa fundi ni kwenye mabomba. Yeye anakaa kando ya simu kama mlinzi wa benki. Akaniita "mkubwa wa mashine", akanisalimu kwa "niaje". Nikamweleza kwamba jambo ni la usalama, naomba Adero. Akasema Adero yuko sokoni anakagua bomba lililopasuka. Nikauliza kwa nini fundi hajaenda kulikagua. Akasema ana homa. Alikuwa anatafuna kitu.

Bwana Muigai alikuwa amesimama nyuma yangu. Ikabidi nilitaje neno lenyewe. Oluoch akarudia kwa sauti ya kufikia barabarani: eti Murunga anataka kujua kama tumekula! Kisha akasema hawajakula, nilete chapo, yaani chapati. Nikasikia watu wakicheka. Nilijaribu kusikia kama Adero alikuwa miongoni mwao. Halafu nikakumbuka yuko sokoni.

Akasema ameliandika kwenye kalenda ya ukutani. Neno la siri! Ukutani!

Ijumaa, 5 Julai

Saa tano kamili modemu ililia. Ikakubali neno, ikakata, ikampigia, zikafokeana. Dakika nne na nusu. Bwana Muigai akanipa mkono.

Nilikuwa nimeweka sikio kwenye kispika kidogo cha modemu. Kwa dakika nne na nusu nilijua Adero ameketi upande wa pili, anasikia kelele ile ile. Nilijaribu kujua kama ana furaha. Haiwezekani kujua.

Jumamosi, 6 Julai

Saa kumi nilikuwa kwenye kibanda cha simu karibu na maduka, kama kila Jumamosi. Dada yangu Nafuna alikuwa akinipigia hapo kutoka Webuye. Mtaa mzima unapokea simu zake hapo. Aliye karibu anainua mkono wa simu na kumwita anayetakiwa, mpaka Kambi Muru huko mtu anaitwa kwa mbio. Mama Bridgit, anayeuza dagaa wa omena na mboga kando ya kibanda, ndiye mkuu wa kituo bila kuteuliwa na yeyote.

Nafuna alihamia shamba la mume wake, mbali na simu. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Pasaka. Mimi bado naenda. Namba hiyo niliwahi kumpa Adero pia, mwaka jana, nikimwambia kwamba Jumamosi saa kumi napatikana hapo bila kukosa. Nilimpa kwa ajili ya dharura za vyoo.

Leo simu iliita mara tatu. Ya kwanza ya fundi viatu. Ya pili ya fundi viatu. Ya tatu walikosea namba. Mama Bridgit aliniuliza kama bado nangoja, nikasema hapana, nanunua omena. Nina omena za kutosha mwezi.

Jumatatu, 8 Julai

Mpango mpya! Kosa langu lilikuwa kulitoa neno mapema. Neno likishajulikana, Adero hanihitaji tena. Nimelibadilisha na sijamwambia mtu. Ijumaa litakataa. Ni lazima apige, ni lazima anitake mimi.

Neno jipya ni UMEPOTEA. Herufi nane tena. Lugha yetu imetengenezewa modemu.

Ijumaa, 12 Julai

Siku mbaya.

Saa tano modemu ikalia. Neno likakataliwa. Vizuri! Nikaweka mkono juu ya simu. Dakika moja baadaye simu ikaita. Nikainua kwa sauti ile nzuri kati ya sita. Nikapigwa na mlio wa mashine moja kwa moja kwenye ubongo.

Sikujua kwamba kompyuta ya Kawangware ikikataliwa, inajaribu tena yenyewe kila dakika. Na sisi tuna laini moja tu, wao vilevile. Mashine iliishika laini kutoka saa tano mpaka saa sita kasorobo. Adero hakuweza kupata nafasi ya kupiga hata kama angetaka. Nami kila nikiinua ni mlio.

Hatimaye ikanyamaza dakika tano nzima, kisha ikaita. Mtu! Nikaruka, nikagonga meza, meza ikayumba, faili zikaanguka. Nilipoinuka Bwana Muigai alikuwa ameshapokea. Ilikuwa yeye. Adero! Nilisikia sauti yake ndogo ikitoka pembeni ya sikio la Bwana Muigai, sikusikia maneno.

Bwana Muigai akaniuliza neno la siri. Nikaomba nimwambie mwenyewe, kwa usalama. Akasema yeye ndiye mkurugenzi. Nikalitaja. Akalisoma herufi moja moja kwenye simu, kisha akaniuliza kwa nini neno letu linalalamika. Simu ikakatwa. Zikafokeana dakika nne.

Miezi minane, na alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikaa stoo nikahesabu viungo vya mabomba ambavyo nilikuwa nimevihesabu jana.

Jumanne, 16 Julai

Nimepata nguvu tena. Kichwa changu kinafanya kazi vizuri zaidi baada ya aibu.

Neno la siri silo njia. Njia ni mlango wa pili! Fikiria. Adero anaandika neno sahihi. Modemu inalikubali, inakata ili impigie. Kompyuta yake inatulia inangoja, haijaribu tena kila dakika. Lakini modemu haimpigii, kwa sababu namba iliyo ndani si yake. Atangoja. Atachoka. Atainua simu na kuniuliza kulikoni. Na Ijumaa hii Bwana Muigai atakuwa Silanga kukagua bomba jipya. Nimemhimiza mwenyewe alikague.

Tatizo dogo. Kitabu kinasema nafasi ya namba haiwezi kuachwa tupu. Ninazojua kwa kichwa ni namba tatu tu. Yetu, ya Kawangware, na ya kibanda cha simu. Nimeingiza ya kibanda. Ijumaa saa tano watu wako kazini. Italia kidogo, hakuna atakayejali.

Ijumaa, 19 Julai

Niliahidi kuandika ukweli hapa.

Saa tano modemu ikakubali neno. Ikakata. Nikakaa mkao wa kupokea. Ikaanza kupiga kibanda. Taa nyekundu. Ndipo nikaelewa. Modemu ikipiga kibanda, inatumia laini yetu. Laini ile ile moja! Adero angenipigia vipi?

Inajaribu mara kumi na mbili, ndivyo kitabu kinavyosema, ukurasa ambao ulikuwa umegandamizwa na mguu wa meza. Kila ilipomaliza, Adero akajaribu upya, na upya akakubaliwa. Ningeizima, lakini nilisema huenda katikati kutakuwa na nafasi. Nilingoja nafasi hiyo mpaka saa saba. Takwimu hazikufika. Sauti haikufika.

Nikarudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Kando ya kibanda kulikuwa na umati. Mama Bridgit alikuwa anasimulia kwa mara ya ishirini, mikono hewani. Simu imeita, akainua kama kawaida, aulize ni ya nani. "Aki kuna kitu kinalia huko ndani," akasema. "Si mtu, si mnyama. Nikiweka, inaita tena. Nikiinua, kinalia!" Mwanzoni alidhani ni mtoto. Halafu kikaanza kukoroma, akajua si mtoto.

Wakamwita Pasta Lazarus. Pasta aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili akakikemea kile kitu kwa jina la Yesu. Kikakata! Watu wakapiga vigelegele. Kitabu kinasema modemu isipojibiwa hukata baada ya sekunde arobaini. Dakika moja baadaye ikaita tena. Pasta akakikemea mara thelathini na kitu. Sauti imemkauka, anaongea kwa ishara.

Mama Bridgit aliniuliza mimi, kwa kuwa nafanya kazi ya mitambo, je, nimewahi kusikia kitu kama hicho. Nikasema sijawahi. Wakanipa nafasi niombe. Nikaomba.

Jumamosi, 20 Julai

Saa kumi nilikuwa kibandani. Mkono wa simu unaning'inia, umefungwa kwa leso mara tatu, na juu yake wamebandika karatasi yenye Zaburi. Mama Bridgit ameuacha nje ya mahali pake makusudi, ili kile kitu kisiweze kuita. Anakilinda kibanda akiwa na mwiko wa ugali mkononi. Fundi viatu anasubiri habari za mke wake aliyejifungua, naye amekatazwa kugusa.

Ningesema ni mimi. Sentensi moja tu. Nilifungua mdomo, nikawaona watu wote wale, wananiangalia kama jirani yao. Hawajawahi kunizunguka watu wengi hivyo tangu nihamie Kianda. Nikanunua omena.

Nilisimama mpaka saa kumi na moja. Kwa mazoea tu, kwa sababu simu iliyofungwa leso haiwezi kuita.

Jumatatu, 22 Julai

Asubuhi na mapema nilirudisha namba ya Kawangware kwenye modemu. Nilikuwa bado na kitabu mkononi simu ilipoita. Mtu. Oluoch.

Hakuniita mkubwa wa mashine. Akaniuliza polepole Jumamosi nilikuwa wapi. Nikasema kibandani. Akasema haiwezekani. Akanieleza: Adero amehamishiwa ofisi mpya ya Kisumu. Ameondoka jana na basi la asubuhi. Ijumaa mpaka saa saba alijaribu kunipigia kuniaga, akakuta laini yetu iko bize. Jumamosi akafungua ofisi ya Kawangware, siku ya mapumziko, akakaa na simu tangu saa kumi kasorobo. Akapiga kibanda. Bize. Akapiga tena. Alipiga mpaka saa kumi na moja. Alimwambia Oluoch kwamba Murunga alisema hapo hakosi.

Oluoch akasema, "Pole, bro." Afadhali angenicheka kuliko hiyo pole.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Saa nzima. Mkono wa simu ulikuwa karibu na bega langu. Nimekuwa mpweke kwa muda mrefu sana na sikutaka kuliandika neno hilo, sasa nimeliandika. Wa kwanza kunitafuta tangu Pasaka, na mimi ndiye niliyefunga njia.

Nilikwenda stoo nikalia. Bwana Muigai akapita akauliza kama ni vumbi. Nikasema ni vumbi. Akaagiza ninunuliwe kitambaa cha kufunika pua.

Jumanne, 23 Julai

Nilimwambia Mama Bridgit kwamba nimekiangalia kibanda kitaalamu na kile kitu kimeondoka. Akaifungua leso, akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Simu ya fundi viatu ikaingia papo hapo. Amepata mtoto wa kike. Akanikumbatia mimi! Nikamkumbatia pia, nikiwa na aibu ya kunitosha mwaka.

Habari nyingine, Bwana Muigai ametoa waraka. Kisumu ni ofisi changa, haina kompyuta ya maana, haina modemu. Takwimu zao watazisoma kwa simu, kila Ijumaa saa tano, na karani wa stoo ataziandika.

Nimeusoma waraka mara nne. Karani wa stoo ni mimi!

Ijumaa, 26 Julai

Saa tano na dakika mbili. Simu. Nikainua. Hakuna mlio.

Akasema, "Murunga, ni wewe ama ni mashine?" Nikasema ni mimi. Akacheka. Akasema Kisumu ni joto, majirani ni wema, samaki ni wakubwa kuliko wale wa Mama Bridgit ninaowasifu. Nikaomba msamaha kuhusu Jumamosi. Nilianza kumweleza kuhusu laini na leso na Pasta Lazarus, akacheka mpaka akakohoa, akasema nisijali, alitaka tu kuniaga, na sasa anaona hakukuwa na haja ya kuagana. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula. Nikasema nimekula.

Dakika thelathini na nne. Vyoo kumi na viwili. Mabomba nilisahau kuyaandika, ikabidi nimpigie tena, dakika sita nyingine! Hata Bwana Muigai alisema leo nina sura ya mtu aliyeokoka. Nilitembea mpaka nyumbani nikisalimia watu nisiowajua.

Jumatatu, 29 Julai

Wikendi ilikuwa ndefu. Jumamosi kibanda kiliita mara tano, hakuna yangu. Jana nilipika ugali wa kutosha watu watatu, nikakaa nao. Nikafikiri.

Ijumaa ni moja tu kwa wiki. Siku sita zinazobaki sina mtu. Na Adero hana sababu ya kunipigia siku sita hizo. Sababu! Ndiyo iliyokosekana. Kawangware mpango wangu haukuwa mbaya, uliharibiwa na Oluoch na laini moja na mguu wa meza. Kisumu hakuna Oluoch. Na neno la siri la kubadilishwa kila siku, si kila wiki, litamlazimu mtu kupiga simu mara tano kwa wiki. Mara tano!

Kwa hiyo asubuhi hii nimemwandikia Bwana Muigai barua ya kurasa mbili kuhusu hatari ya takwimu kusomwa kwa sauti kwenye laini ya mbali, ambapo mtu yeyote anaweza kusikiliza. Nimependekeza Kisumu wapelekewe kompyuta na modemu haraka iwezekanavyo. Aliisoma akiwa amesimama. Akabadilika uso, akaniuliza kwa nini sikumwonya mapema. Akasaini palepale. Vifaa vinapanda basi Jumatano. Akasema itampumzisha Adero pia, hatalazimika tena kukaa kwenye simu nusu saa nzima kila Ijumaa.

Nikamwambia hilo ndilo lengo letu. Mezani nimepanga maneno ya siri ya mwezi mzima. Kuanzia wiki ijayo simu yangu haitapumzika.